Wanaosimulia ni Waliofika

Jumamosi iliyopita niliipeleka pikipiki yangu kuukuu kwa fundi ninayemtumia siku zote, nikakuta benchi limejaa. Hakuna aliyekuwa na haraka. Mmoja alikuwa akingoja mnyororo, wa pili akingoja plagi, na wengine wawili hawakuwa na pikipiki mbovu wala nzima. Walikuja tu, kama watu wanavyokwenda kwenye bao. Kilichowakalisha pale ni masimulizi ya safari.

Nawajua watu hawa, maana na mimi ni mmoja wao. Mwenye gari akikusimulia safari yake, atakwambia alitoka saa ngapi na akafika saa ngapi. Mwenye pikipiki atakwambia upepo ulitoka upande gani. Atakwambia juu ya baridi ya ghafla unapoteremka bondeni usiku, na joto linalokurudia unapopanda tena, na wadudu wanaokugonga usoni kama changarawe. Pale benchini mzee mmoja alisimulia alivyokatikiwa na breki ya nyuma kwenye mteremko wa Kitonga, akashuka kwa gia na kwa dua. Mwingine, mwalimu mstaafu, alieleza alivyokutana na tembo barabarani Mikumi saa kumi na mbili jioni, akazima injini, akakaa kimya karibu nusu saa huku tembo mmoja akimtazama kana kwamba anamdai. Wa tatu alimpakia mkewe kumpeleka kujifungua wakati wa mvua za El Nino za mwaka 1998, barabara imekuwa mto. Walifika. Mtoto yule leo ana pikipiki yake mwenyewe.

Zamu yangu ilipofika nikawapa Honda 90 ya mjomba.

Mjomba wangu alikuwa bwana shamba mkoani Morogoro miaka ya sabini, na kazi yake ilimpandisha mara kwa mara hadi Mgeta, kule milimani kunakotoka kabeji na karoti za Dar es Salaam. Pikipiki yake ilikuwa ya ukoo wa Super Cub, chombo ambacho Honda ilianza kukiuza Japani mwaka 1958, na ambacho hadi mwaka 2017 zilikuwa zimeshatengenezwa zaidi ya milioni 100. Hakuna chombo kingine cha moto, liwe gari au pikipiki, kilichopata kutengenezwa kwa wingi huo. Haikuwa na klachi ya mkono. Gia ulizikanyaga tu kwa mguu wa kushoto. Mbele ilikuwa na ngao ya kukinga miguu na matope, na kati ya kiti na usukani palikuwa wazi, hata mtu hakulazimika kurusha mguu juu ili apande. Ndiyo maana bwana shamba aliiendesha na suruali yake ya ofisini, na padri akaiendesha na kanzu yake. Watoto tuliijua kwa mlio kabla haijatokeza kwenye kona. Kwani hata jina lenyewe pikipiki ni mlio tu. Wenzetu wa Kongo masikio yao yalisikia tukutuku.

Mjomba alipewa na kofia ngumu, nyeupe, mali ya serikali. Kofia ile sikumwona nayo kichwani hata siku moja. Aliitundika kwenye usukani, na ndani yake aliweka mayai aliyopewa na wakulima. Siku akirudi na mayai yote mazima, shangazi alisema barabara leo ilikuwa njema.

Benchi zima lilicheka. Na mimi nilicheka. Lakini niliporudi nyumbani jioni ile wazo moja lilinikaa, na ndilo nililowaletea leo. Masimulizi yote yaliyotolewa pale yalikuwa na mwisho mwema. Breki ilikatika, mzee akafika. Tembo alisimama, mwalimu akafika. Mjomba hakuvaa kofia miaka kumi na mitano, akafa mzee kitandani kwake. Nani asingeamini, akisikiliza mambo hayo kutwa nzima, kwamba pikipiki ni chombo kinachowapenda watu wake? Bali ukweli ni kwamba wanaosimulia ni waliofika. Ambaye hakufika hana nafasi benchini.

Katika historia yuko mtu mmoja ambaye angestahili kuketi nasi pale, tena angetushinda sote kwa masimulizi. Jina lake ni Thomas Edward Lawrence, yule Mwingereza ambaye dunia inamfahamu kama Lawrence wa Arabia kwa sababu katika Vita Kuu ya Kwanza alipigana pamoja na Waarabu wa Hijazi dhidi ya Waturuki. Vita vilipokwisha aliukimbia umaarufu wake. Mwaka 1922 akajiandikisha katika jeshi la anga kama askari wa kawaida, kwa jina la uongo. Kilichomliwaza ni pikipiki. Alikuwa akinunua Brough Superior, zilizotengenezwa Nottingham na George Brough, na kwa muda wa miaka kadhaa alimiliki saba, moja baada ya nyingine. Aina moja kati ya hizo iliuzwa kwa ahadi kwamba inafika maili 100 kwa saa, yaani kilometa 160, wakati ambapo magari mengi hayakufika hata nusu ya mwendo huo. Lawrence alizibatiza pikipiki zake jina la Boanerge. Waliosoma Injili ya Marko wanalikumbuka jina hilo: ndilo Yesu alilowapa Yakobo na Yohana, na maana yake ni wana wa ngurumo.

Aliandika juu ya safari zake hizo, tena kwa mapenzi makubwa. Katika kitabu chake cha maisha ya kambini, kilichochapishwa mwaka 1955, anaeleza siku aliyoshindana barabarani na ndege ya kivita iliyokuwa ikiruka juu yake. Yaliyomo ni yale yale ya benchi letu, upepo na mwendo na furaha ya kurudi salama.

Tarehe 13 Mei 1935, miezi michache tu baada ya kuacha jeshi, Lawrence alitoka kwenye kijumba chake huko Dorset, kusini mwa Uingereza, akaenda posta ya kambi ya Bovington kupeleka simu ya maandishi. Zingatieni, wasikilizaji, kwamba hakuwa akishindana na ndege siku hiyo. Ilikuwa safari ya kila siku, ya kwenda posta na kurudi. Karibu na kwake barabara ilikuwa na bonde dogo linaloficha kilicho mbele. Wavulana wawili wa baiskeli walikuwa hapo. Akawakwepa, akatupwa. Kichwani hakuwa na kitu. Alilala siku sita bila kurudiwa na fahamu, akafariki tarehe 19 Mei, akiwa na umri wa miaka 46.

Kwa kawaida habari yake huishia hapo, watu wakagombana kama alikuwa shujaa au jasusi. Mimi kinachonivuta zaidi ni mmoja wa madaktari walioitwa kando ya kitanda chake. Huyu aliitwa Hugh Cairns, mzaliwa wa Australia, bingwa wa upasuaji wa ubongo, taaluma iliyokuwa bado changa. Hakuweza kufanya lolote. Kifo kile hakikumtoka moyoni, na vita vya pili vilipoanza mwaka 1939 akajikuta anaona jambo lile lile kila juma, safari hii kwa vijana wasio na majina makubwa. Walikuwa matarishi wa jeshi, waliochukua barua na amri kwa pikipiki, mara nyingi usiku, katika barabara ambazo taa zake zilikuwa zimezimwa kwa kuhofia ndege za Wajerumani.

Cairns akafanya kile ambacho benchi la fundi haliwezi kufanya. Akakusanya habari za wasioweza kusimulia. Mwezi Oktoba 1941 alichapisha makala katika jarida la madaktari wa Uingereza, akionyesha kwamba katika miezi 21 ya mwanzo ya vita waendesha pikipiki na abiria wao 2,279 waliuawa barabarani. Katika majeruhi wote aliopata kuwaona yeye, ni saba tu waliokuwa wamevaa kofia ngumu wakati wa ajali. Hao saba wote walikuwa hai.

Saba ni wachache mno, na yeye alilijua hilo. Hakudai kwamba ameshathibitisha. Lakini jeshi halikungoja. Mwezi Novemba mwaka huo huo ilitolewa amri kwamba askari yeyote apandaye pikipiki avae kofia ngumu. Cairns akaendelea kuhesabu miaka ya vita, na hesabu zikaonyesha vifo vinapungua. Raia, hata hivyo, hawapewi amri kama askari. Waingereza walibishana juu ya uhuru wa mtu na kichwa chake hadi mwaka 1973 ndipo sheria ikawafunga wote, miaka 32 baada ya jeshi. Mwaka 1976 wakaruhusiwa Kalasinga wenye vilemba wasivae, kwa ajili ya dini yao. Cairns mwenyewe hakuiona sheria hiyo. Alifariki mwaka 1952.

Hapa nitasimama kidogo niseme kofia inavyofanya kazi, kwa sababu nimegundua hata sisi wa siku nyingi hatuijui vizuri. Watu hudhani kazi yake ni kuwa ngumu. Ugumu ni wa ganda la nje tu, ambalo hulitawanya pigo lisitue mahali pamoja. Kazi kubwa hufanywa na sponji nene ya ndani, ile nyeupe inayofanana na ya kufungia redio mpya. Sponji hiyo hubonyea na kupondeka, na katika kupondeka huko kichwa hupata muda wa kusimama taratibu kidogo, badala ya kusimama ghafla huku ubongo ukiendelea na safari. Ikishapondeka hairudi. Kwa hiyo kofia iliyokwisha kuanguka ajalini, hata ikipakwa rangi ikang'aa, imeshamaliza kazi yake. Na kofia isiyofungwa mkanda wa kidevu huruka kabla yako. Wataalamu waliokusanya tafiti nyingi za nchi mbalimbali waliandika mwaka 2008 kwamba kofia hupunguza hatari ya kufa kwa asilimia 42 hivi, na hatari ya kuumia kichwa kwa asilimia 69.

Mwaka huo huo wa 2008 Serikali ya Kenya iliondoa kodi kwa pikipiki ndogo, zisizofika sisi 250. Pikipiki za Kihindi na za Kichina zikamiminika, huko na kwetu, na bodaboda, jina lililozaliwa mpakani Busia enzi za baiskeli, likawa la pikipiki. Siwezi kuilaumu hatua hiyo. Nimeona vijana waliojenga nyumba kwa bodaboda, na wagonjwa waliofikishwa hospitali kutoka mahali ambapo gari halijapata kufika. Ila mjomba alipanda peke yake na mayai yake. Siku hizi nyuma kuna abiria, pengine wawili, na mtoto katikati.

Na huyo abiria sitaki kumcheka anapoikataa kofia. Kofia ya abiria, ambayo vijana wenyewe huiita elementi, imevaliwa tangu asubuhi na watu ishirini wasiojuana. Ina jasho lao wote. Dada aliyekaa saa sita akisukwa hataki kuibana kichwani, na anayeogopa mba au mapunye ana haki ya kuogopa. Lakini Kigali jua ni hilo hilo na nywele ni hizo hizo, na abiria wa pikipiki hupewa kofia na kuivaa, kwa kuwa askari wa barabarani hawaachi jambo hilo lipite. Kwetu kofia ya pili mara nyingi huwa imetundikwa mkononi mwa dereva kama kikapu, ikingoja kuonyeshwa kwa askari.

Jumatatu nilirudi kuichukua pikipiki. Benchi lilikuwa tupu. Ukutani, juu ya meza ya spana, kuna msumari ulioning'inizwa jaketi la mvua la rangi ya chungwa, na nikakumbuka kwamba nimeliona hapo zaidi ya mwaka. Nikamuuliza fundi ni la nani. Akasema ni la kijana mmoja aliyekuwa akipaki njia panda, aliliacha akasema ataripitia jioni, alikuwa anampeleka mtu dukani mara moja. Nilingoja aendelee, maana fundi huyu kwa masimulizi hana mpinzani. Hakuendelea. Alichukua kitambaa akafuta mikono.

Kisha akaniomba kofia yangu.

"Lete hiyo niitazame, mzee."

Akaigeuza, akabonyeza sponji kwa dole gumba, halafu akavuta mkanda wa kidevu. Kifungo kikambakia mkononi. Kilikuwa kimekatika zamani, kimeshikwa na uzi tu, na sijui ni safari ngapi nimekwenda nacho hivyo nikidhani nimejifunga. Akakitia kingine, akanitoza shilingi elfu mbili.