Jinsi kompyuta zinavyooanisha sauti na picha

Mji wa Fanja, mkoani Ad Dakhiliyah nchini Oman, unajulikana kwa klabu yake ya soka, iliyotwaa ubingwa wa vilabu vya Ghuba mwaka 1989. Lakini siku hizi mechi ikitazamwa katika nyumba mbili jirani, moja yaweza kushangilia bao ambalo nyingine haijaliona.

Sababu ni kwamba matangazo hupita njia tofauti. Setilaiti ya televisheni iko takriban kilomita 36,000 juu ya ikweta, na mawimbi huchukua kama robo ya sekunde kupanda na kushuka. Kwenye intaneti picha hukatwa vipande, na huweza kuchelewa kwa sekunde nyingi.

Ili kuondoa tofauti hiyo, wasanifu wa programu hutumia ruwaza, yaani njia zilizokwisha kujaribiwa za kutatua tatizo linalojirudia. Tatu ndizo za msingi.

Ya kwanza ni muhuri wa wakati. Itifaki ya RTP, iliyochapishwa mwaka 1996, hubandika wakati kwenye kila pakiti ya sauti au picha, ili mpokeaji ajue zipi zinakwenda pamoja.

Ya pili ni akiba. Kifaa hutunza pakiti kwa muda mfupi, zile zilizochelewa zipate kufika kabla ya zamu yao.

Ya tatu ni saa ya pamoja. Kwa itifaki ya NTP, iliyobuniwa na Mmarekani David Mills na kuchapishwa mwaka 1985, kompyuta huuliza wakati kwa seva, hupima muda wa safari ya kwenda na kurudi, kisha hurekebisha saa yake.

Wazo hili si geni nchini Oman. Wakulima waligawana maji ya falaj kwa kufuata kivuli cha jua mchana na nyota usiku. Kila mmoja alijua zamu yake bila kuitwa.

Hata hivyo, usawa una gharama: ili wote waone bao kwa pamoja, mwenye mtandao wa kasi lazima amngoje wa polepole. Kwa mechi, hilo lavumilika. Kwa mazungumzo ya simu kati ya Fanja na Zanzibar, Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ITU, hushauri ucheleweshaji wa upande mmoja usizidi milisekunde 400. Hapo msanifu huona afadhali neno moja lipotee kuliko wazungumzaji kukatizana.