Al Jaddaf na Amri Inayosubiri

Kabla ya kituo cha metro na Maktaba ya Mohammed bin Rashid iliyofunguliwa mwaka 2022, Al Jaddaf, kando ya Hori ya Dubai, palijulikana kwa kuunda majahazi. Vyombo vya Ghuba vilivyokuja Mombasa na Zanzibar vilikwenda kwa kalenda. Mabaharia waliugawa mwaka vipindi 36 vya siku kumi kumi, wakianzia nyota ya Suheli inapoonekana. Pwani yetu nayo ilihesabu mwaka wake wa Nairuzi kwa miongo, yaani vipindi vya siku kumi, na siku tano za ziada. Hata hivyo, mwongo wa safari ulipofika, nahodha hakung'oa nanga mpaka kaskazi ishike. Amri yake ilikuwa na tarehe na sharti pamoja. Kompyuta, naona, ilirithi tarehe ikaliacha sharti.

Toleo la 7 la mfumo wa kompyuta wa Unix, la mwaka 1979, lilikuwa na amri za at, inayoahirisha kazi ya mara moja, na cron, inayorudia kazi kwa ratiba ya dakika, saa, tarehe, mwezi na siku ya juma. Kwa cron ya leo Jumapili ni 0, Ijumaa ni 5. Haiulizi zaidi ya hapo. Sasa tazama: mwaka 2006 mapumziko ya serikali ya Falme za Kiarabu yalihama kutoka Alhamisi na Ijumaa kwenda Ijumaa na Jumamosi. Tarehe 1 Januari 2022 yakahamia Jumamosi na Jumapili, Ijumaa ikawa nusu siku ya kazi. Skripti iliyoandikwa 0-4 kwa siku za kazi ingeendelea kutuma malipo Jumapili ofisi zikiwa zimefungwa, na Ijumaa ikanyamaza, bila kutoa ujumbe wowote wa kosa.

Atakayesema mabadiliko hayo ni nadra akumbuke kuwa ni mara mbili katika miaka 16, na kwamba Sharjah, jirani wa Dubai, ilichagua kupumzika Ijumaa hadi Jumapili. Wengine watasema Dubai haisogezi saa: iko saa nne mbele ya Greenwich mwaka mzima. Ni kweli, lakini anayepokea kazi hiyo London husogeza zake mara mbili kwa mwaka, na hata Nairobi iliwahi kuwa saa mbili na dakika 45 mbele kabla ya kutulia kwenye tatu. Pingamizi zito zaidi ni kwamba kalenda ya pwani yetu yenyewe ilikosea: Nairuzi ya siku 365 haina mwaka mrefu, hivyo huteleza siku moja kila miaka minne. Nalikubali hilo, na ndilo linaloonyesha kwa nini nahodha hakuiamini hesabu peke yake.

Basi, mwandishi wa skripti, siku za mapumziko ziweke katika faili moja inayosomwa na skripti zote. Kwa saa, andika jina la eneo, Asia/Dubai, usiandike +4. Na kabla amri haijatenda, iangalie kwanza kama faili inayosubiriwa imefika na kama leo ni siku ya kazi kwa anayeipokea.