Kisukari kabla na baada ya insulini

Kabla ya mwaka 1922, mtoto aliyepatwa na kisukari hakuishi muda wa kutosha figo zake kuharibika wala macho yake kupofuka. Kongosho lake liliacha kutoa insulini, homoni inayoiwezesha sukari ya kwenye damu kuingia katika seli. Sukari hiyo ilijaa kwenye damu na kutoka na mkojo, huku mwili ukichoma mafuta na misuli yake wenyewe ili upate nguvu. Mtoto alikunywa maji asikate kiu, akakojoa usiku na mchana, akakonda. Mwishowe asidi zitokanazo na mafuta hayo zilimzidi, akapoteza fahamu na kufa. Kwa kawaida mambo hayo yote yalimalizika ndani ya miezi, au mwaka mmoja hadi miwili.

Kwamba kiini ni kongosho kulibainika mwaka 1889 mjini Strasbourg, pale Oskar Minkowski na Joseph von Mering walipomtoa mbwa kongosho naye akapata kisukari. Dawa haikupatikana kwa zaidi ya miaka 30 baadaye. Katika miaka ya 1910, daktari Frederick Allen wa Marekani aliwarefushia wagonjwa maisha kwa kuwapunguzia chakula hadi kiwango cha njaa. Elizabeth Hughes, binti wa Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani, alitibiwa kwa njia hiyo. Alipopelekwa Toronto, Kanada, Agosti 1922, alikuwa akikaribia miaka 15 na uzito wake ulikuwa takriban kilo 20.

Alifuata dawa mpya. Katika kiangazi cha 1921, Frederick Banting na Charles Best walikuwa wameanza majaribio katika maabara ya Profesa J. J. R. Macleod, wakikamua insulini kutoka kwenye makongosho ya mbwa na baadaye ya ng'ombe. Tarehe 11 Januari 1922, Leonard Thompson, mvulana wa miaka 14, alichomwa sindano ya kwanza katika Hospitali Kuu ya Toronto. Dawa haikuwa safi: sukari ilishuka kidogo tu, na jipu likaota palipochomwa. Mwanakemia James Collip aliisafisha kwa alkoholi, na sindano ziliporejewa tarehe 23 Januari, sukari ilikaribia kutoweka kabisa kwenye mkojo wa mvulana huyo. Hughes naye aliishi hadi mwaka 1981.

Hata hivyo, insulini haikuuondoa ugonjwa, iliurefusha. Waliookolewa utotoni walipofikisha miaka 10, 15 au 20 ya sindano, madaktari walianza kuona madhara ambayo awali yalionekana zaidi kwa wazee. Mwaka 1936 Paul Kimmelstiel na Clifford Wilson walieleza makovu ya pekee katika figo za wagonjwa wa kisukari. Mishipa midogo ya retina ilivuja damu na kuleta upofu. Neva za miguu zilikufa ganzi: kiatu kilichubua kidole bila mwenyewe kuhisi, kidonda kikaoza kwa sababu damu haikufika vizuri, na mara nyingi mguu ukakatwa. Mishipa mikubwa nayo iliziba, ikaleta mshtuko wa moyo na kiharusi.

Madaktari waligawanyika juu ya chanzo cha madhara hayo. Elliott Joslin wa Boston alisisitiza kwamba yanatokana na sukari kutodhibitiwa. Wengine walisema yanakuja na ugonjwa wenyewe, na kwamba kuibana sukari kunamtia mgonjwa hatarini, kwani ikishuka mno huweza kumzimisha. Kuamua mzozo huo kulikuwa kugumu kwa sababu kipimo kilikuwa hafifu. Mkojo ulichemshwa pamoja na kimiminika cha buluu cha Benedict. Kadiri sukari ilivyozidi, rangi iligeuka kijani, njano, kisha nyekundu ya tofali. Matokeo yalihusu saa chache zilizopita tu.

Mwishoni mwa miaka ya 1960, Samuel Rahbar wa Tehran aligundua kwamba himoglobini ya wenye kisukari ina namna yake, na ikaja kufahamika kuwa ni ile iliyoshikana na sukari. Kutokana na ugunduzi huo kilitokea kipimo cha HbA1c, kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi miwili hadi mitatu.

Kipimo hicho kiliwezesha utafiti wa DCCT, uliofanyika Marekani na Kanada kati ya 1983 na 1993 kwa watu 1,441 wenye kisukari aina ya kwanza. Kwa walioibana sukari, wakilinganishwa na kundi la matibabu ya kawaida, hatari ya retina kuanza kuharibika ilipungua kwa asilimia 76, ingawa visa vya sukari kushuka vibaya viliongezeka takriban mara tatu. Mwaka 1998 utafiti wa UKPDS wa Uingereza, uliohusisha wagonjwa 5,102 wa aina ya pili, ulionyesha kwamba kudhibiti sukari hupunguza madhara ya mishipa midogo kwa asilimia 25, na kwamba kudhibiti vizuri shinikizo la damu hupunguza kiharusi kwa asilimia 44.

Washiriki wa DCCT waliendelea kufuatiliwa. Baada ya jaribio kwisha, wastani wa sukari wa makundi yote mawili ulikaribiana, lakini walioidhibiti mapema waliendelea kupata madhara machache zaidi ya macho, figo na moyo kwa miaka mingi. Ndiyo sababu matibabu ya leo huanza kuibana sukari mara ugonjwa unapogunduliwa, na macho, mkojo na miguu hukaguliwa mara kwa mara hata kama mgonjwa haumwi popote.