Mgodi wa wazi wa makaa ya mawe

Miteremko ya Kilimanjaro ni miamba ya volkano, haina makaa ya mawe. Mkazi wa Moshi anayetaka kuona yakichimbwa juu ya ardhi hufunga safari hadi Ngaka, wilayani Mbinga, ambako uchimbaji ulianza mwaka 2011.

Kwanza hufanywa tathmini ya athari kwa mujibu wa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004. Vichaka hufyekwa, kisha udongo wa juu hukwanguliwa na kulundikwa peke yake. Huo ndio mali: ukichanganyika na kifusi, mimea itaota kwa shida shimo likishafukiwa.

Maji ya shimoni huzuiwa bwawani na kupimwa kabla ya kuachiwa mtoni, kwani madini ya salfa yakikutana na hewa na maji hutoa tindikali.