Kupima programu za Clojure kwa sentensi: Speclj na Midje

Leo tunaingia kwenye Lisp, ile lugha ya mabano mengi. John McCarthy aliibuni pale MIT mwaka 1958, na watoto wake wapo mpaka leo. Mmojawapo ni Clojure, aliyoitoa Rich Hickey mwaka 2007, inayotumia mashine ya Java.

Clojure inakuja na kifaa chake cha testi, clojure.test, na kwa kazi ndogo kinatosha. Ila kuna wanaopenda testi isomeke kama sentensi inayosema programu inatakiwa ifanye nini. Mtindo huo aliuanzisha Dan North kwenye JBehave ya Java mwaka 2003: badala ya neno "test" akaweka "should", yaani "inapaswa". Speclj ya Micah Martin inafuata njia hiyo, ikiiga RSpec ya Ruby:

(describe "Chenji ya dukani"
  (it "inarudisha 300 ukitoa 1000 kwa kitu cha 700"
    (should= 300 (chenji 1000 700))))

Hayo maelezo unaandika kwa lugha yoyote, hata Kiswahili cha mtaani. Angalia mpangilio tu: jibu unalolitegemea linatangulia, kilichotoka kinafuata. Ukigeuza, testi itapita au kufeli vilevile, ila ujumbe wa kosa utakudanganya.

Kuna kingine kilinila saa nzima ya kafe. Chenji yangu ilirudi 300.0 badala ya 300, testi ikagoma. Nikadhani kifaa kibovu, kumbe kwenye hesabu ya punguzo nilitumia 0.1. Kwa Clojure namba nzima na ya desimali si sawa ukilinganisha kwa =. Tena jaribu (+ 0.1 0.2) uone inakuletea 0.30000000000000004. Kwa hela za watu, bora testi ikuambie kabla ya mwenye duka!

Midje ni ya Brian Marick, mmoja wa waliosaini Ilani ya Agile mwaka 2001. Yenyewe inaandikwa hivi:

(fact "chenji ya 700 kwenye 1000"
  (chenji 1000 700) => 300)

Mshale katikati? Lisp kawaida inaweka kitendo mbele. Hapa makro inaudaka msimbo kabla haujaendeshwa na kuupanga upya, ndiyo raha ya Lisp. Midje pia ina `provided`: unapima fankisheni hata kama nyingine inayoitegemea hujaiandika, unasema tu itarudisha nini.

Anayeanza mimi namwambia achukue Speclj, maana haifichi mengi. Na kwa sisi tunaolipia kwa dakika, mashine ya Java inachukua muda kuwaka, kwa hiyo usiiwashe upya kila mara. Andika lein spec -a uiache wazi, kila ukihifadhi faili inapima yenyewe.