Kuvunjwa kwa Kiwanda cha K-25, na Nafasi ya Katanga katika Historia Yake

Makusudi ya makala haya ni kueleza jinsi kiwanda kimoja cha zamani cha urani, kiitwacho K-25, kilichokuwa Oak Ridge katika jimbo la Tennessee, Marekani, kilivyosafishwa na kubomolewa. Msomaji aweza kuuliza habari hizi zina uhusiano gani na jarida la uchunguzi wa Kiswahili. Majibu ni mawili. Kwanza, sehemu kubwa ya urani waliyoitumia Wamarekani wakati wa Vita Kuu ya Pili ilichimbwa Shinkolobwe, katika Katanga, nchi ambayo Kiswahili kilikuwa lugha ya kazi migodini. Pili, kazi ya kuvunja kiwanda cha namna hii yatulazimisha kuyapima upya maneno yetu ya kusafisha, kutakasa na kuondoa. Twayatumia kila siku kana kwamba yatosha. Lakini hapa, kama nitakavyojaribu kuonyesha, hayatoshi.

Yafaa tuanze na ardhi yenyewe, kwa kuwa haikuwa tupu. Mwaka wa 1942 serikali ya Marekani ilitwaa karibu ekari 59,000 katika bonde la mto Clinch kwa ajili ya kazi ya siri ya vita. Familia zipatazo 1,000 zilihamishwa, na baadhi yao walipewa majuma machache tu ya kufungasha vitu vyao na kuondoka. Mahali palipojengwa K-25 palikuwa karibu na makazi ya wakulima yaliyoitwa Wheat. Kanisa lao, lililojengwa mwaka wa 1901, lingali limesimama; na si mbali nalo pana makaburi ya Waafrika waliokuwa watumwa katika mashamba ya nchi ile, makaburi yasiyo na majina. Basi aisemaye historia ya mahali hapa kuanzia ujenzi wa kiwanda huwa ameanzia katikati ya hadithi.

Ujenzi ulianza mwaka wa 1943. Jina K-25 lilikuwa la kuficha mambo: herufi K ilitokana na kampuni ya Kellex iliyochora ramani za kiwanda, na 25 ilikuwa namba ya siri ya urani-235. Jengo lilikuwa na umbo la herufi U, kila mkono wake ukiwa na urefu wa karibu nusu maili, na msingi wake ulifunika ekari 44. Wakati huo halikuwako jengo jingine kubwa kuliko hilo chini ya paa moja duniani. Watu wapatao 12,000 walifanya kazi humo mwaka wa 1945, na walio wengi hawakujua walikuwa wakitengeneza nini. Wafanyakazi weusi walitengwa katika vibanda vya mbao, na hata mume na mke hawakuruhusiwa kukaa pamoja.

Kazi ya kiwanda ilikuwa hii. Urani itokayo ardhini ni mchanganyiko wa namna mbili hasa: urani-238, ambayo ndiyo karibu yote, na urani-235, ambayo haifikii hata sehemu moja katika mia. Ni hii ya pili itakiwayo kwa bomu. Urani iligeuzwa kuwa gesi, yaani heksafloridi ya urani, ikasukumwa kupita katika kuta zenye matundu madogo mno yasiyoonekana kwa macho. Chembe zenye urani-235, kwa kuwa ni nyepesi kidogo, hupenya kwa urahisi zaidi kidogo. Tofauti hiyo ni ndogo sana, hata ilibidi kazi irudiwe kwa hatua karibu 3,000, kila hatua ikiongeza kidogo tu. Watangazaji wetu wa siku hizi huiita kazi hiyo kurutubisha urani. Neno hilo wamelichukua kwa mkulima, anayetia mbolea shambani. Limekwisha kuzoeleka, wala sina haja ya kulipinga. Ila lachukua pamoja nalo harufu ya mema ambayo kitu chenyewe hakina.

Madini yenyewe yalitoka wapi? Urani ya Shinkolobwe ilijulikana tangu mwaka wa 1915, na kampuni ya Union Minière du Haut Katanga ilianza kuichimba mwaka wa 1921 kwa ajili ya radi, iliyouzwa kwa bei kubwa sana kwa waganga na wenye maabara. Utajiri wa mgodi ule haukuwa wa kawaida. Katika sehemu nyingine za dunia wachimbaji walifurahia jiwe lenye sehemu moja ya urani katika mia. Baadhi ya mawe ya Shinkolobwe yalikuwa na zaidi ya sehemu sitini. Mwaka wa 1940 mkuu wa kampuni, Edgar Sengier, akihofia Wajerumani, alipeleka zaidi ya tani 1,000 za madini hayo New York, yakawekwa katika ghala kisiwani Staten Island. Mwezi wa Septemba 1942 ofisa wa jeshi la Marekani, Kenneth Nichols, alimwendea akayanunua. Baadaye mgodi, uliokuwa umefungwa, ukafunguliwa tena kwa msaada wa wahandisi wa jeshi, na madini yakaendelea kutoka. Hivyo Shinkolobwe na Oak Ridge ni ncha mbili za kamba moja, ingawa waliokuwa katika ncha moja hawakuwajua wale wa ncha ya pili, na wote hawakujua kamba ile yavuta nini mpaka tarehe 6 Agosti 1945, siku ya Hiroshima.

Jengo la K-25 lilisimamishwa kazi mwaka wa 1964. Majengo mengine ya jirani yaliendelea mpaka mwaka wa 1985, na mwaka wa 1987 ikaamuliwa kuwa kazi ya urani haitafufuliwa tena hapo. Lakini kuzima mitambo si kuondoa kilichomo. Gesi ile ilipokutana na unyevu uliopenya katika mabomba iligeuka kuwa vumbi na magamba yaliyoganda ndani ya mabomba, vali na pampu. Tena, katika miaka ya baadaye kiwanda kilipitishiwa urani iliyokwisha kutumika katika vinu vya nyuklia, nayo ilileta elementi nyingine: teknetiamu-99. Wakati huo huo mvua ilipenya paani, zege la sakafu likaoza, chuma kikala kutu. Mwezi wa Januari 2006 mfanyakazi mmoja alidondoka kupitia sakafu ya juu iliyokuwa imechakaa, akaanguka kama futi thelathini. Baada ya hapo wasimamizi walilazimika kubadili mpango: jengo lilikuwa bovu mno kuvunjwa kwa mikono ya watu walio ndani yake.

Ubomoaji wa jengo ulianza mwezi wa Desemba 2008, ukaisha Desemba 2013. Lakini kishindo cha mitambo ya kubomolea ndiyo sehemu ndogo ya kazi. Sehemu kubwa ilitangulia, nayo ilikuwa ya kimya na ya polepole. Kila bomba lilipimwa kutoka nje, bila kufunguliwa, ili ijulikane ndani yake mmesalia urani kiasi gani. Ilipasa kuangalia sana, kwa kuwa urani-235 nyingi ikikusanyika mahali pamoja yaweza kuanza yenyewe kupasua viini vyake na kumwaga mionzi ya kuua. Kwa hiyo vipande vyenye mabaki mengi vilikatwa, vikatolewa kwanza, na kutengwa kimoja kimoja. Vingine vilijazwa povu ligandalo, ili vumbi lisirushwe vitakapovunjwa. Asbestosi ilibanduliwa, mafuta yakamwagwa katika vyombo vyake. Ndipo mashine kubwa zilipoingia, na maji yakanyunyizwa mfululizo ili kulaza vumbi.

Sehemu ya mwisho ya mkono wa mashariki iliachwa kwa makusudi, kwa sababu ndimo ilimokuwa teknetiamu. Elementi hii yayeyuka majini upesi, na nusu yake tu huisha kwa muda wa miaka 200,000 na zaidi. Baada ya sehemu hiyo kubomolewa, teknetiamu ilionekana katika maji yaliyo chini ya ardhi, na mwaka wa 2014 ikakutwa hata katika mtambo wa maji taka wa mji. Maji yaliyonyunyizwa kulaza vumbi, na mvua ya mbinguni, yalikuwa yameipatia njia. Maji yakimwagika hayazoleki; lakini hapa tatizo lilikuwa kubwa zaidi, kwa kuwa maji yalichukua kitu kingine pamoja nayo.

Je, kifusi kilikwenda wapi? Kingi kilipakiwa katika malori, kikapitishwa katika barabara iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, na kuzikwa katika shimo lililotandikwa matabaka ya udongo na plastiki, humo humo katika ardhi ya Oak Ridge. Kile chenye mionzi zaidi kilipelekwa jangwani Nevada. Hapa ndipo mwanafunzi wa lugha apaswapo kusimama. Mwanafunzi wangu mmoja, akitafsiri habari kama hizi, aliandika kuwa kiwanda "kilitakaswa". Sentensi ilikuwa sahihi kisarufi, na haikuwa kweli. Kutakasa ni kukifanya kitu kitakate, yaani uchafu usiwepo tena. Urani na teknetiamu zingalipo. Zilichofanyiwa ni kuhamishwa, kufunikwa, na kuwekewa walinzi. Neno lililo karibu zaidi na tabia ya uchafu huu ni najisi, maana nao huambukiza kwa kugusa. Na wanafiqhi wetu wa pwani wajua kuwa maji machache yakiingia najisi huwa najisi yenyewe. Lakini najisi ina sheria ya kuitohara, na mwishowe hutoka. Huu hautoki kwa kuoshwa, huwapisha wanadamu kizazi baada ya kizazi.

Tena lugha yetu ina kundi la vitenzi vinavyotangua kazi iliyofanywa: funga, fungua, ziba, zibua, tega, tegua, ezeka, ezua, panga, pangua. Mzungumzaji akisema fundi ameezua paa, twaelewa kuwa mambo yamerudi yalivyokuwa kabla ya kuezekwa. Nimetafuta kitenzi cha namna hii kwa ajili ya K-25, nisikione. Nami nadhani si upungufu wa Kiswahili. Hakuna tendo la kutangua hapa. Wheat haikurudi. Shamba halikurudi kuwa shamba. Ubomoaji wa majengo yote makubwa ya eneo lile ulikamilika mwaka wa 2020, na ardhi imekuwa ikitolewa kwa wenye viwanda. Na mwezi wa Desemba 2023 kampuni moja ikapewa kibali cha kujenga kinu kipya cha majaribio cha nyuklia pale pale liliposimama jengo la K-33. Kwa hiyo napendekeza watafsiri wetu waandike kwamba uchafu wa mionzi "umehamishwa" au "umezikwa", kwa kadiri ya kilichotendeka, na neno "kusafisha" waliweke kwa kazi ya kuosha na kusugua tu. Neno refu lililo kweli ni bora kuliko neno zuri linalotuliza.

Mwisho, tuiangalie ncha ya pili ya kamba. Kule Oak Ridge zilikuwapo fedha, vipimo, hati na sheria. Mwaka wa 2000 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuwalipa fidia wafanyakazi waliougua kwa sababu ya kazi za silaha za nyuklia, na wale wa K-25 wametajwa katika kundi la kupewa nafuu ya ushahidi. Mwaka wa 2020 nyumba ya makumbusho ya K-25 ilifunguliwa, ambamo sauti za wazee waliofanya kazi humo zimehifadhiwa. Kule Shinkolobwe mashimo yalizibwa kwa zege mwaka wa 1960, mwaka wa uhuru wa Kongo, na kampuni ikaondoka. Sheria ile ya fidia haimgusi mchimbaji wa Katanga. Watu walirudi kuchimba kwa mikono wakitafuta kobalti. Serikali iliwapiga marufuku mwezi wa Januari 2004. Hata hivyo mwezi wa Julai mwaka huo huo sehemu ya mgodi ilibomoka, watu wanane wakafa. Hapo ndipo Umoja wa Mataifa ulipotuma wataalamu kupima mahali ambapo madini yake yalikwisha kupimwa kwa uangalifu mkubwa miaka sitini nyuma, yalipokuwa yakinunuliwa.

Haya ndiyo niliyotaka kuyaweka mbele ya wasomaji. Kuvunjwa kwa K-25 ni kazi kubwa iliyofanywa kwa bidii, wala sikusudii kuidharau. Lakini hesabu yake haijakamilika ikiwa yaanzia Tennessee na kuishia Nevada. Sisi wachunguzi wa Kiswahili tuna sehemu yetu katika kuikamilisha. Mwaka wa 1965 André Yav aliandika kwa Kiswahili cha Katanga historia ya mji wa Elisabethville, ambao leo ni Lubumbashi, kama walivyoikumbuka watumishi wa nyumbani. Na kitabu kile kidogo kimewafunza wataalamu mengi yasiyopatikana katika majalada ya kampuni. Kumbukumbu za Shinkolobwe nazo zimo katika lugha hiyo hiyo, kwa watoto na wajukuu wa wachimbaji. Zege la 1960 liliziba mashimo; halikuziba vinywa. Kuzikusanya kumbukumbu hizo hakuhitaji mashine wala povu, bali mtu ajuaye Kiswahili, mwenye kalamu na subira. Na kazi hiyo, tofauti na ile ya mionzi, haina miaka 200,000 ya kungojea.