Asilimia katika Ripoti ya Moyo

Mama msikilizaji, uwe Lodwar au Kakuma, zamani mishipa inayolisha moyo haikuonekana vizuri mtu akiwa hai. Mwaka 1958, mjini Cleveland, Marekani, dawa ya eksirei iliingia bila kukusudiwa katika mshipa huo wa mgonjwa wa Daktari Mason Sones. Mgonjwa alinusurika, na njia ya kupiga picha ikapatikana.

Kutokana na picha hizo, ripoti huandika asilimia. “Mshipa umeziba asilimia 40” maana yake njia ya damu imekuwa nyembamba, si kwamba moyo umekufa. Kwa kawaida 70 ni kubwa. Mshipa mkuu wa kushoto, 50.

Hata 40 si ruhusa ya kuacha dawa: utando wa mafuta ukipasuka, damu huganda ghafla. Kifua cha mgonjwa kikibana, usingoje kuche. Mpeleke hospitali.